Anayekimbia Ndiye Anayefungiwa

Mwananchi wa kawaida anaweza kumkamata mhalifu. Hilo halina ubishi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inamruhusu mtu asiye polisi kumkamata anayetenda kosa kubwa mbele ya macho yake, ilimradi amfikishe polisi bila kuchelewa. Swali linalopendwa na wabishi wa vijiweni ni jingine: je, mtu anaweza kujikamata mwenyewe? Wanasheria watacheka. Kukamata kunataka watu wawili, mmoja wa kushika na mwingine wa kushikwa, au angalau wa kukubali kwa neno au kwa kitendo kwamba yuko mikononi mwa mwenzake. Anayejipeleka kituoni amejisalimisha tu.

Ningeliacha swali hapo, kama si mkoa wa Mara.

Wilayani Tarime na Serengeti, Desemba inapokaribia, hasa ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, wapo wanaojiweka chini ya ulinzi bila kosa lolote. Ni wasichana. Wazee wa mila wa koo wameshatangaza msimu wa ukeketaji, ngariba wanajulikana kwa majina, shule zimefungwa. Binti anayesikia jina lake likitajwa katika orodha ya mwaka huo anatoka nyumbani usiku, wakati mwingine bila viatu, anakwenda kwa mwalimu, kwa mchungaji au kwenye Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Kutoka hapo anapelekwa kituo cha Masanga, Tarime, au Nyumba Salama ya Mugumu, Serengeti, iliyofunguliwa mwaka 2014 na inayoongozwa na Rhobi Samwelly, ambaye mwenyewe alikeketwa akiwa mtoto na nusura afe.

Kule ndani analala salama, anasoma, anajifunza kushona. Lakini tusidanganyane: yuko ndani. Haendi kwao mpaka msimu uishe, maofisa wa ustawi wa jamii na polisi wakae na wazazi, na wazazi watie saini kwamba hawatamkata. Wakikataa, anabaki. Krismasi inamkuta huko, na wengine shule inawafungukia huko huko. Aliyepanga kumkeketa anakula sikukuu nyumbani kwake.

Nje ya uzio, waliokeketwa hawafichwi. Anayepita Tarime mjini msimu ukichanganya hukutana na msafara katikati ya barabara: binti amejifunga khanga, amefunikwa mwavuli, noti zimebandikwa nguoni, ndugu wanapuliza filimbi na kupunga matawi, vijana wameshika fimbo na mapanga. Magari yanapisha. Tangu marekebisho ya mwaka 1998, Kanuni ya Adhabu inampa anayemkeketesha mtoto wa chini ya miaka 18 kifungo cha kati ya miaka 5 na 15, au faini isiyozidi shilingi 300,000, au vyote viwili. (Faini hiyo leo hainunui hata dume mmoja wa maana mnadani.) Pale polisi walipokaza, misafara imepungua na visu vimehamia usiku.

Wala msiniambie kwamba Wakurya wa huku hawajui kukamata. Ng'ombe akiibwa Tarime, yowe linapigwa, wanaume wanatoka na pinde na mishale, nyayo zinafuatwa mpaka zinapoishia, na kijiji zinapoishia kinatakiwa kujieleza. Walinzi wa jadi wa Sungusungu, waliozaliwa Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, walipofika huku walikuta udongo tayari, na mwaka 1989 sheria ikawapa mamlaka ya kukamata. Ng'ombe ana watu wa kumpigia yowe. Msichana anapiga yowe mwenyewe, tena la kimya, kwa miguu yake.

Sisemi kila jirani amrukie ngariba. Wanaomzunguka wana mapanga, na tunajua jinsi watu wenye hasira wanavyogeuka wauaji barabarani. Ila kati ya kumrukia ngariba na kupisha msafara kuna nafasi kubwa: mwenyekiti wa kitongoji anayejua tarehe, dereva wa bodaboda aliyembeba ngariba, mganga wa zahanati aliyeitwa kuzuia damu. Jirani zetu wa Kenya, ambako pia Wakurya wanaishi, ng'ambo tu ya mpaka, waliona nafasi hiyo. Sheria yao ya mwaka 2011 inamlinda mwanamke wa umri wowote, na inamhesabu mkosaji anayejua na asiripoti. Yetu inaishia kwenye miaka 18, na anayejua akanyamaza analala usingizi wake.

Hali inabadilika, lakini polepole. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wamekeketwa; wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 28. Kwa kasi hiyo, binti anayezaliwa Nyamwaga leo atalazimika naye kujua njia ya Masanga.

Nyumba salama zibaki, maana bila hizo wengi wangekwishakatwa. Lakini Bunge liige kifungu cha Kenya, na Desemba ijayo atangulie kushikwa anayetangaza msimu. Ukisikia tarehe imepangwa, usingoje mtoto akimbie: Huduma ya Simu kwa Mtoto ni namba 116, na kupiga ni bure.