UCHAMBUZI: Utafiti wa Nairobi uliotajwa kote, sharti lake la maji likasahaulika

MHADHIRI wa chuo kikuu nchini Kenya anapoomba kupandishwa cheo, miongoni mwa mambo ya kwanza anayoulizwa ni idadi ya makala aliyochapisha katika majarida ya kitaaluma. Anapoomba ufadhili kutoka ng'ambo, swali la pili hufuata: makala hayo yametajwa mara ngapi na watafiti wengine? Mwongozo wa uajiri na upandishaji vyeo uliotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) mwaka wa 2014 uliyawekea machapisho alama, nao wahadhiri wakajifunza upesi kuzihesabu.

Fikra ya kuhesabu manukuu si ngeni. Mmarekani Eugene Garfield alianzisha faharasa ya manukuu ya kisayansi mwaka wa 1964. Mwaka wa 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, akabuni kipimo kinachojulikana kama h. Mtafiti mwenye h ya 20 ana makala 20 ambayo kila moja imetajwa mara 20 au zaidi. Ni kipimo chepesi, na ndiyo maana kinapendwa. Afisa asiyejua tofauti kati ya bakteria na virusi anaweza kukitumia kumwajiri mtaalamu wa virusi.

Ila kipimo hicho hakisemi kazi ya mtafiti ilitajwa kwa sababu gani, wala kama aliyeitaja aliisoma hadi mwisho. Kwa Wakenya, mfano ulio karibu ni wa Profesa Ruth Nduati, daktari wa watoto katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na utafiti ambao yeye na wenzake waliuchapisha mwezi Machi mwaka wa 2000 katika JAMA, jarida la chama cha madaktari wa Marekani.

Itakumbukwa hali ilivyokuwa miaka ya tisini. Dawa za kupunguza makali ya Ukimwi zilikuwa mbali na mwananchi wa kawaida. Ilijulikana kwamba maziwa ya mama huweza kubeba virusi vya HIV, lakini haikuwa imepimwa kwa jaribio la kulinganisha ni watoto wangapi huambukizwa kwa njia hiyo. Kati ya Novemba 1992 na Julai 1998, kina mama 425 wenye virusi, waliohudhuria kliniki nne za wajawazito jijini Nairobi, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilinyonyesha, la pili likatumia maziwa ya kopo. Watoto walifuatiliwa hadi walipotimiza miaka miwili.

Matokeo yaliushtua ulimwengu wa tiba. Katika kundi la walionyonya, asilimia 36.7 ya watoto walikuwa wameambukizwa kufikia miezi 24. Katika kundi la maziwa ya kopo walikuwa asilimia 20.5. Tofauti hiyo, takriban watoto 16 kati ya kila 100, ndiyo iliyohusishwa na maziwa ya mama, na robo tatu yake ilijitokeza katika miezi sita ya kwanza. Kuanzia hapo ilikuwa vigumu kwa mtu yeyote kuandika kuhusu mama, mtoto na HIV bila kuutaja utafiti wa Nduati. Umenukuliwa mamia kwa mamia ya mara.

Kilichotajwa ni asilimia hizo. Kilichotajwa kwa nadra ni kwamba idadi ya vifo katika makundi hayo mawili ilikaribiana: asilimia 24.4 ya walionyonya na asilimia 20.0 ya waliotumia kopo walikuwa wamefariki kufikia umri wa miaka miwili, tofauti ambayo kitakwimu haikuweza kutegemewa. Ni kweli kwamba watoto waliokuwa hai na bila virusi walikuwa wengi zaidi katika kundi la kopo, asilimia 70 dhidi ya 58. Lakini hapo pia palikuwa na sharti lililoandikwa wazi: kina mama walioshiriki ni wale waliopata maji ya jiji yaliyosafishwa. Walifundishwa pia namna ya kuyatayarisha maziwa.

Msomaji anayeijua Riruta anaelewa uzito wa sharti hilo. Kutoka shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Nairobi, iliyo katika Hospitali ya Kenyatta, hadi kituo cha afya cha Riruta ni mwendo wa kilomita chache tu kwa Ngong Road na Naivasha Road. Kuna ploti zenye mfereji ndani ya ua. Ukivuka kuelekea Kawangware, maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20, yakisukumwa kwa mkokoteni, na mfereji unapokauka bei hupanda. Mama anayetakiwa kuchemsha maji, kuosha chupa na kutayarisha maziwa mara sita au saba kwa siku huanza kwa kupiga hesabu ya mitungi na mafuta taa. Katika jaribio lenyewe, lililokuwa na wauguzi wa kuwafuatilia kina mama, waliofuata maagizo ya kutumia kopo walikuwa asilimia 70, ilhali walionyonyesha kama walivyoagizwa walikuwa asilimia 96. Katika miaka hiyo, mama aliyeonekana hanyonyeshi alikuwa akijitangaza kwa mama mkwe na majirani.

Shirika la Afya Duniani (WHO) halikulipuuza suala hilo. Oktoba mwaka huohuo wa 2000, wataalamu waliokutana Geneva walisema mama mwenye virusi aache kunyonyesha pale tu ambapo maziwa mbadala yanakubalika, yanawezekana, yanamudika, yanapatikana kwa muda mrefu na ni salama. Maneno matano, na kila moja lina gharama yake Kawangware. Kilichoweza kutokea pale neno la mwisho linapokosekana kilionekana Botswana, nchi iliyokuwa ikiwapa kina mama wenye virusi maziwa ya kopo bila malipo. Mapema mwaka wa 2006, baada ya mvua kubwa, mkurupuko wa kuhara uliwaua mamia ya watoto. Wachunguzi waligundua kwamba wasionyonya ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi.

Hapa sisi wa meza ya uhariri hatuna haki ya kuwacheka wanasayansi. Habari ikizidi nafasi, tunakata kutoka chini, na huko chini ndiko mwandishi mwangalifu huwa ameweka masharti. Nimekata aya kama hizo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Mfano wa pili kutoka kwa mtafiti huyohuyo unaonyesha udhaifu mwingine wa hesabu. Mei 2001, Nduati na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet la Uingereza matokeo kuhusu akina mama wenyewe. Kati ya 197 walionyonyesha, 18 walikuwa wamefariki. Kati ya 200 waliotumia kopo, sita. Je, kunyonyesha kulikuwa kukimdhoofisha mama mwenye virusi? Mwezi uliofuata WHO ilisema matokeo hayo hayakutosha kubadilisha sera. Watafiti wa Durban, Afrika Kusini, walitazama takwimu zao wasione hatari hiyo, na mwaka wa 2005 uchanganuzi uliojumuisha tafiti kadhaa za Afrika ulikosa kuithibitisha. Katika ubishi wote huo makala ya Lancet yalitajwa na kutajwa tena, na kila aliyeyapinga aliiongezea hesabu yake nukta moja. Sisemi kwamba Nduati alikosea kuyachapisha. Angekosea kama angeyaficha, maana swali lilikuwa zito na jibu likapatikana kwa sababu liliulizwa hadharani. Lakini faharasa haina safu ya kutofautisha aliyeungwa mkono na aliyepingwa.

Kuna pia suala la majina. Katika tafiti za tiba, jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyebeba mzigo mkubwa wa kazi, na la mwisho ni la kiongozi. Makala ya JAMA yana majina 11. La kwanza ni Nduati, la mwisho ni Joan Kreiss wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle. Katikati wamo Dorothy Mbori-Ngacha, Jeckoniah Ndinya-Achola na Job Bwayo, yule mtafiti wa chanjo ya Ukimwi aliyeuawa na majambazi Februari 2007. Jina la Mkenya kuwa mbele halikuwa jambo dogo. Mwaka wa 1986, utafiti uliotangaza kwamba asilimia 66 ya makahaba maskini wa Nairobi waliopimwa walikuwa na virusi ulitoka katika jarida la New England la Marekani. Jina la mbele lilikuwa la Kreiss, akifuatwa na Davy Koech, na Ndinya-Achola akiwa mbali zaidi kwenye orodha. Katika muda wa miaka 14 utaratibu ulikuwa umeanza kugeuka, na badiliko hilo halionekani katika h ya mtu yeyote.

Baadaye majina yenyewe yalirudi nyuma. Utafiti wa Kesho Bora, uliofanywa Kenya, Burkina Faso na Afrika Kusini, ulichapishwa mwaka wa 2011 kwa jina la kundi zima. Ulionyesha kwamba mama akipewa dawa tatu tangu ujauzito hadi wakati wa kunyonyesha, maambukizi kwa mtoto wa mwaka mmoja hushuka hadi asilimia 5.4, ikilinganishwa na 9.5 kwa utaratibu wa zamani. WHO tayari ilikuwa imebadilisha ushauri wake mwaka wa 2010: mama atumie dawa na anyonyeshe.

Huo ndio ushauri anaopewa mama wa Riruta leo. Muuguzi anayeutoa huenda hajawahi kuliona jarida la JAMA. Utafiti huo ulipotoka, majarida ya aina hiyo yalisomwa kwa malipo, na mpango wa HINARI wa kuyafikisha kwa nchi maskini kwa bei nafuu au bure ulianza Januari 2002, karibu miaka miwili baadaye. Takwimu zilichukuliwa kliniki za Nairobi, zikachapishwa Marekani, zikanukuliwa Ulaya, na zikarudi nyumbani zikiwa mwongozo wa WHO.

Wanasayansi waliokutana San Francisco mwaka wa 2012 walitoa azimio la kutaka watafiti wapimwe kwa maudhui ya kazi zao, wala si kwa sifa ya jarida lililoichapisha. Kamati zetu za kupandisha vyeo zinaweza kuanza na jambo jepesi. Kando ya safu ya idadi ya machapisho kwenye fomu, waongeze nafasi ya ukurasa mmoja ambapo mwombaji ataeleza ni mwongozo gani, kliniki gani au wodi gani iliyobadilisha utendaji wake kutokana na kazi yake, na ni nani walioipinga na kwa hoja zipi. Kisha mjumbe mmoja wa kamati apewe jukumu la kuyasoma makala yenyewe, hadi kwenye masharti.