Si Wajinga Waliwao

Kila habari ya mtu aliyeibiwa akaunti ya WhatsApp inapofika kwenye baraza letu la kahawa hapa Kariakoo, hakosi mmoja wa kucheka na kusema kwamba wajinga ndio waliwao. Methali hiyo nimeichoka. Nakiri mapema kwamba nami nimo miongoni mwa walioliwa.

Nilikuwa Mtaa wa Aggrey jioni moja, nikingoja fundi abadilishe kioo cha simu ya mke wangu, ujumbe ukaingia kutoka kwa mtoto wa kaka yangu: "Shikamoo baba mdogo. Kuna tarakimu sita zimekuja kwako kwa bahati mbaya, naomba unirudishie." Nikaitikia marahaba, nikazituma. Kumbe binti mwenyewe alikuwa amekwisha kunyang'anywa akaunti yake tangu mchana! Haikupita nusu saa, "mimi" nikawa naomba mikopo kwa jamaa zangu wote, hadi kwa baba mkwe, mtu ambaye maishani sijapata kumwomba hata kiberiti. Akatuma. Aibu hiyo iliniuma kuliko fedha.

Sasa nauliza, ujinga wangu uko wapi? Nilipaswa kumtaka mtoto anithibitishie kwanza kuwa ni yeye, ndipo niitikie salamu yake? Yule mwizi alikula adabu tuliyolelewa nayo. Anayecheka barazani angefanya vilevile, ila zamu yake haijafika.

Mwaka 2019 tulipanga foleni kutoa alama za vidole, na kuanzia Januari 20, 2020 laini ambazo hazikusajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Vema. Lakini akaunti iliyojengwa juu ya laini haijui kidole cha mtu. Inajua tarakimu sita, na yeyote azipataye ndiye mimi. Kinga ipo tangu 2017, nayo ni namba ya siri ya pili ambayo mwenye simu huiweka mwenyewe. Asipoiweka, mwizi humwekea. Ndivyo ilivyonipata. Nilipojisajili upya kwa laini yangu, mwizi alitolewa nje, lakini nami nikaambiwa ningoje siku saba kwa kuwa sikuijua namba aliyoiweka. Siku saba nilipiga simu kwa ndugu mmoja mmoja, nikijitetea kama mshitakiwa.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 1, 2023, nami naipongeza, ila haisimami dukani mzee anaponunua simu. Hapo husimama kijana muuzaji, ambaye mara nyingi ndiye anayetufungulia akaunti kwa mkono wake. Atakuwekea mlio, atakuwekea picha, atakuuzia na kava. Namba ya siri haigusi, nasi hatumwulizi. Kwa nini? Ni kazi ya dakika mbili! Wakala wa fedha hugeuza uso mteja anapobonyeza namba yake, wala hakuna anayemcheka mteja huyo.

Nilirudi kwa fundi wa Aggrey nikamweleza hayo. Akasema wateja wake hawataki kusumbuliwa. Nikampa simu ya mke wangu, nikamwambia aanze na sisi. Akatafuta mahali penyewe, akamrudishia mwenye simu, kisha akageuka akatazama barabarani mpaka alipoambiwa tayari.