Cherehani ya Kudarizi: Iingie Nyumbani kwa Njia Gani?

Mwezi wa Shaaban unapokaribia na harusi zinapoanza kupangwa, katibu wa msikiti huletewa maswali ambayo hayamo katika ajenda ya kikao chochote. Mojawapo ni la cherehani. Mara ni mume anayeuliza kama ni busara mkewe achukue mkopo anunue mashine ya kudarizi mashuka. Mara ni mke anayetaka kujua kama cherehani aliyoinunua kwa fedha zake za mchezo inaweza kuuzwa na mumewe bila yeye kuulizwa. Maswali haya mawili ni ndugu, na nyumba isiyojibu la kwanza vizuri hulikuta la pili mlangoni.

Tuanze na mashine yenyewe, kwani fedha nyingi hupotea katika kununua kitu kisichojulikana. Dukani si rahisi mtu akuambie kwamba cherehani ya kawaida ya miguu, ile nyeusi ya mkanda iliyomo katika nyumba nyingi tangu enzi za bibi zetu, inaweza kudarizi. Kiguu kinachokandamiza kitambaa huondolewa, meno yanayosukuma kitambaa kwa chini hushushwa au hufunikwa kwa kibati, kitambaa hukazwa kwenye fremu ya duara, kisha mikono miwili hukiongoza chini ya sindano. Ni mfano wa mtu anayeandika kwa kusogeza karatasi huku kalamu imesimama mahali pamoja. Kazi hii ni ngumu kwa mwezi wa kwanza, na vitambaa vingi vitaharibika, lakini vitakuwa vitambaa vya majaribio. Dada ambaye hajawahi kujaribu hivi, na tayari anafikiria mashine ya milioni, namnasihi asubiri kidogo. Ikiwa mikono yake haitaki kazi hii, bora aligundue hilo kabla fedha hazijatoka.

Mashine ya pili ni ile ya mafundi wa kudarizi, ambayo sindano yake hucheza kushoto na kulia, na upana wa mshono huongozwa kwa goti. Petali ya ua ambayo kwenye cherehani ya miguu hujazwa kwa mistari mingi, hapa hujazwa kwa kupita mara moja. Hii hufungwa juu ya meza yake yenye urefu wa takribani mita 1.2 na upana wa nusu mita, na nyuma ya meza lazima pawe na nafasi ya shuka kuteremka. Katika nyumba ya vyumba viwili yenye watoto wanne, suala la mahali pa kuiweka si dogo. Nimeona mashine iliyowekwa sebuleni hadi wageni wakawa hawana pa kukaa.

Ulizeni pia habari ya mota. Ile ya zamani huzunguka muda wote swichi inapokuwa imewashwa, hata kama fundi anakunywa chai, nayo huvuma na kula umeme. Ya kisasa huzunguka pale tu mguu unapokanyaga. Kwa wapangaji wanaochangia mita moja ya LUKU tofauti hii inatosha kuleta amani au ugomvi uani, na mota inayovuma saa tano usiku huwafikia majirani hata kabla uniti hazijahesabiwa.

Ya tatu ni mashine ya kompyuta, inayodarizi yenyewe kwa kusoma picha ya ua iliyotiwa ndani yake. Hii ndiyo inayowavutia vijana, na ndiyo inayohitaji hesabu makini kuliko zote. Ua lenye mishono 20,000, kwa mashine inayopiga mishono 600 kwa dakika, huchukua zaidi ya nusu saa. Shuka moja na foronya zake nne, kila kimoja kikiwa na ua kama hilo, ni karibu saa tatu. Hapo hatujahesabu muda wa kubadilisha rangi, kwani mashine ya sindano moja husimama kila rangi inapokwisha na kumngoja mtu aje atie uzi mwingine. Kwa hiyo anayedhani ataiwasha kisha aende jikoni akasonge ugali, atarudi akute imesimama. Isitoshe, nyingi za bei nafuu zina fremu ya sentimita 10 kwa 10. Ua la katikati ya shuka halienei humo, itabidi lidariziwe vipande vipande, na kipande kikikosea kwa milimita mbili mteja ataliona.

Kwa wanaonunua zilizotumika, tazameni kibao cha nyuma. Mashine zilizotengenezwa kwa matumizi ya Japani hutumia volti 100, na za Marekani volti 110 hadi 120, ilhali umeme wetu ni volti 230. Kuichomeka moja kwa moja ukutani ni kuiunguza siku hiyohiyo. Transfoma ipo, lakini nayo ina bei yake, na muuzaji si kila mara atakumbuka kuitaja.

Sasa tuje kwenye fedha. Tuseme mashine inauzwa shilingi 1,200,000. Tuseme mama anabakiwa na shilingi 8,000 katika kila seti ya mashuka baada ya kutoa kitambaa, uzi na umeme, naye anamaliza seti 3 kwa wiki kwa sababu ana watoto na ana nyumba. Hiyo ni shilingi 24,000 kwa wiki. Akinunua taslimu, itamchukua wiki 50 kuirudisha fedha yake, na baada ya hapo kila shilingi ni faida. Mwaka mmoja si muda mbaya. Lakini akikopa fedha hizohizo kwa nyongeza ya 300,000 na kutakiwa alipe kwa miezi 12, rejesho ni 125,000 kila mwezi, wakati mapato ya wiki nne ni 96,000. Upungufu wa 29,000 utatoka wapi? Utatoka kwenye masurufu na ada za watoto. Na hesabu hii imechukulia kwamba oda zipo mwaka mzima. Kila mshonaji anajua kwamba kazi hujaa Shaaban, hujaa tena kuelekea Idi na harusi za mfungo mosi, kisha hufuata miezi ambayo hata mteja wa kupunguza suruali haonekani. Rejesho halijui mfungo.

Hiyo ni hasara ya dunia peke yake. Mkopo wa aina hiyo, ambao mtu hupewa fedha ili arudishe fedha zaidi, ni riba, na hakuna cherehani inayoibadilisha hukumu yake. Najua wapo wanaosema kwamba dharura huhalalisha. Ua la foronya si dharura. Ile mikopo ya mitaani ambayo watu wenyewe wameipa jina la kausha damu imekwishawatoa akina mama majumbani mwao, na mara nyingi kitu cha kwanza kubebwa na wakopeshaji ni hicho hicho kilichokopewa.

Njia za halali zipo. Muuzaji anaruhusiwa kukuuzia mashine kwa awamu kwa bei ya juu kuliko ya taslimu, maadamu bei imekatwa na kujulikana tangu siku ya makubaliano. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lililizungumza jambo hili katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1990, likaruhusu uuzaji huo na likakataza deni kuongezwa pale mnunuzi anapochelewa kulipa. Basi kabla ya kutia saini, soma kile kifungu cha ucheleweshaji. Mkataba mwingi mzuri huharibikia hapo. Benki zinazofuata utaratibu wa murabaha nazo hununua bidhaa kisha zikakuuzia, lakini hakikisha kwamba bidhaa imenunuliwa kweli; ukikabidhiwa fedha mkononi uende mwenyewe sokoni, uliza maswali zaidi.

Mume naye ana sehemu yake katika uamuzi huu, na si ndogo. Mali ya mke ni ya mke. Mahari yake, urithi wake, na anachokichuma kwa sindano yake ni vyake, na cherehani iliyonunuliwa kwa fedha hizo haiwi ya mume kwa sababu tu imekaa ndani ya nyumba anayoilipia kodi. Wala kipato cha mke hakiufuti wajibu wa mume wa kuilisha na kuivisha familia. Akitaka kusaidia, ni sadaka na ni hisani, naye atalipwa kwayo. Lakini yule anayemhimiza mkewe anunue mashine huku moyoni amekwishapanga kupunguza fedha ya chakula kuanzia mwezi ujao, huyo hajamnunulia mke cherehani, amejinunulia likizo. Maneno haya nayasema kwa wanaume wenzangu, na najua baadhi yao hawatayapenda.

Upande wa pili, mke naye azungumze kabla ya kununua. Mashine inayokaa sebuleni, inayotumia umeme wa nyumba na muda wa usiku ni jambo la wote wawili, hata kama fedha ni za mmoja. Wakae chini, wakubaliane itakaa wapi, itazimwa saa ngapi, na nani atawasimamia watoto siku za oda nyingi.

Kisha waandike. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'an, ya 282 katika Suratul-Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi, na kwetu sisi kuandika bado kunaonekana kama kutoaminiana. Ikiwa mume ametoa 400,000 na mke 800,000, karatasi iseme: je, ya mume ni zawadi, ni mkopo, au ni hisa? Kila neno kati ya hayo matatu lina hukumu yake siku ya talaka na siku ya mirathi, na mashauri yanayoletwa kwetu bila karatasi huishia kwa kila upande kuapa.

Hali ni hiyohiyo kwa akina dada wawili au watatu wanaotaka kuchanga wanunue mashine moja, jambo ambalo kwa maoni yangu lina maslahi kuliko kila mmoja kukopa peke yake. Waandike kiasi cha kila mmoja, zamu zake, nani analipa sindano ikivunjika mikononi mwa nani, na mmoja wao akiolewa mji mwingine, wenzake watamnunua sehemu yake kwa bei ya siku hiyo au ya siku waliyonunua.