Udongo Usomwe Kabla ya Kuchimbwa Msingi

Wakazi wenzangu wa Nakuru, tangu mji wetu upewe hadhi ya jiji mwezi Desemba 2021, halipiti juma bila tingatinga kunguruma mtaa fulani. Siichukii ngurumo hiyo. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 570,674, na sote twataka pa kulala. Neno langu leo lahusu kile ambacho tingatinga hukisaga kabla saruji haijamwagwa.

Nendeni kilomita nne hivi kutoka katikati ya mji, kwa barabara ya Nairobi, mpande kilima cha mawe kiitwacho Hyrax Hill, kilichopewa jina la pimbi walioishi katika nyufa zake. Mwanaakiolojia Louis Leakey alikitambua mwaka 1926, alipokuwa akifukua makaburi ya kale karibu na hapo. Mary Leakey akaja kukichimba mwaka 1937 na 1938. Alikuta makaburi ya watu wa Zama za Mawe, na katika yale ya wanawake mlikuwa na sahani na mabakuli ya mawe, ilhali wanaume walizikwa mikono mitupu. (Mwenye jibu la haraka kuhusu jambo hilo na ajihadhari.) Kwenye mwamba pamechongwa bao, mashimo yake safu kwa safu, na mzee yeyote wa kete angeketi hapo leo akacheza bila kufundishwa.

Mvua ikinyesha, vipande vya jiwe jeusi hujitokeza ardhini, vinang'aa kama chupa iliyovunjika. Msiviokote, mahali pale panalindwa. Ila ukibahatika kuonyeshwa kimoja, kielekeze juani: ukingo wake hupitisha mwanga wa rangi ya moshi, na ni mkali hata sasa. Ndio wembe wa watu wale.

Lakini wembe huo ukiwa kiganjani ni bubu. Ukiwa ardhini, kando ya jivu, mfupa wa ng'ombe na kigae cha chungu, unasema: hapa walichinja, hapa walipika, na jivu lenyewe laweza kupimwa umri. Ndiyo sababu mwanaakiolojia hutandika nyuzi, akaigawa ardhi miraba, akapiga magoti na mwiko mdogo wa fundi mwashi, akakwangua sentimita chache, akaandika, akachekecha udongo wote, ndipo akashuka tena. Shimo la mita mbili laweza kumla majuma. Tingatinga hulimaliza kabla ya chai ya saa nne. Na udongo ukishavurugwa, hata Mary Leakey angefufuka asingeweza kuupanga tena.

Kuna wasemao kilima kimeshazungushiwa ua, basi inatosha. Watu wa kale walijua ua upi? Mwaka uleule wa 1938, katika pango kando ya Mto Njoro, yalipatikana mabaki ya watu karibu 80 waliochomwa moto, pamoja na shanga zao za mawe. Bonde hili lote lilikaliwa.

Wengine husema mifupa hailipi karo. Kweli, wala hakuna aliyeomba jiji lisijengwe. Tunaomba siku chache za ukaguzi kabla ya ramani kupigwa muhuri. Sheria ya mazingira ya 1999 yadai miradi mikubwa ipimwe athari zake, na ile ya makumbusho ya 2006 yamtaka aliyevumbua kitu cha kale atoe habari ndani ya siku saba. Serikali ya kikoloni, isiyokuwa na sifa ya kutuheshimu, ilikitangaza Hyrax Hill kuwa mahali pa kulindwa mwaka 1943. Sisi tutatoa udhuru gani?

Tatizo, naona, liko chini zaidi, shimoni kwenyewe. Mtu wa mkono akigonga fuvu kwa sururu, hupiga hesabu papo hapo: nikisema, kazi itasimama na kibarua cha leo kimekwenda. Anafukia. Fundi mmoja aliniambia hivyo bila haya, tukinywa chai. Vigae walivyovikuta walivitupa katika kifusi cha kujazia sakafu. Simlaumu, maana watoto wake hawali historia. Namlaumu aliyempa kazi na kumfanya auogope ukweli.

Basi wewe mwenye ploti, unayeanza msingi Jumatatu, waambie mafundi wako mapema: wakikuta kigae, mfupa au yale mawe meusi yamerundikana, waviache vilivyo, waweke alama, wapige picha, nawe upeleke habari Makumbusho ya Taifa. Na siku ambayo kazi itasimama, mlipe mtu wa mkono ujira wake kamili.