Nati Iliyoshikwa na Kutu

Mwendesha bodaboda ateremkaye milima ya Mbooni na abiria wawili nyuma yake (ingawa sheria humruhusu mmoja tu) hana tegemeo ila breki. Walakini wako wengi wasioifungua breki ya nyuma mwaka mzima, si kwa uvivu, bali kwa kuwa nati zake zimeshikwa na kutu, nao wamekwisha kuona za wenzao zikikatika.

Sababu haiko mbali. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la Kitui na Makueni huingia katika meno ya kila nati. Na mvua zinyeshapo, pikipiki huvushwa katika mito ya mchanga kama Tiva na Kaiti, maji yakafika hata ndani ya habu. Tena bolti ni ya chuma na habu ni ya alumini. Vitu hivi viwili vigusanapo penye maji, alumini huliwa, ukatokea unga mweupe ushikao sana.

Kosa la kwanza la fundi mwenye haraka ni spana. Spana iliyolegea huvunja pembe za nati, na kazi ya shilingi chache ikageuka kuwa kazi ya kuchomea. Ifaayo ni spana ya ringi, ishikayo pembe zote sita. Meno yaliyojitokeza husuguliwa kwa brashi ya waya, kisha hutiwa mafuta mepesi ya kulegeza kutu, au yakikosekana, dizeli kidogo, na nati huachwa hadi kesho yake. Asubuhi hugongwa mapigo madogo mengi, maana mtikiso huipasua kutu, mafuta yakapata njia. Ndipo nati hukazwa kidogo, naam, hukazwa, kisha hufunguliwa. Mbele kidogo, nyuma kidogo, hata ilegee. Aivutaye kwa nguvu moja huikata.

Bolti iliyozama katika habu ikikataa bado, birika la maji yanayochemka hufaa kuliko paipu ndefu ya kurefusha spana. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo tundu hulegea. Moto wa gesi haufai, hasa penye breki ya diski, kwa kuwa mafuta yake huwaka na mpira wake huungua.

Mafuta yoyote yasiguse viatu vya breki, kwani kiatu kilicholowa hakishiki. Wala vumbi la ndani lisipulizwe kwa mdomo, maana viatu vingine vina asbesto. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji.

Wakati wa kurudisha, ekseli hupakwa grisi kidogo. Lakini iko bolti moja isiyofaa kusahauliwa kamwe: ile ya mkono uzuiao kifuniko cha breki. Ikiachwa wazi, siku breki itakapokanyagwa kwa nguvu kifuniko kitazunguka pamoja na gurudumu, na kulikamata papo hapo. Pini ya kuizuia nati yake ni ya bei ndogo, hununuliwa mpya.