Mabomba ya taka: tukague kwanza kichepushi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwajibu wale wanaosifu mabomba ya kufyonza taka, wakisema yakifukiwa chini ya majengo marefu ya Kariakoo tutaagana na malori ya taka.

Sipingi mtambo wenyewe. Waswidi waliufunga katika hospitali ya Sollefteå mwaka 1961, na kule New York kisiwa cha Roosevelt kilianza kuutumia mwaka 1975. Mkazi hutupa mfuko wake kwenye tundu, feni kubwa huvuta hewa, na taka hukimbia ndani ya bomba hadi kituoni kwa mwendo unaoweza kukaribia kilomita 100 kwa saa.

Ninachouliza ni juu ya kifaa kimoja kisichotajwa: kichepushi. Hicho ndicho kinachoelekeza mzigo wa bomba moja uende huku au kule, kama reli inavyogawanyika Tabora, behewa hili likaenda Mwanza na lile Kigoma. Mabaki ya chakula yaende kontena lake, karatasi lake. Kikikwama, taka zote zilizo nyuma yake zinasimama.

Njia rahisi ya kukitengeneza ni kuweka ulimi wa chuma unaopinduka kushoto na kulia ndani ya bomba. Kwa karatasi kavu hauna neno. Lakini taka zetu tunazijua: nyingi ni mabaki ya chakula, mabichi na mazito, na ukifagia uani unazoa na mchanga. Mchanga kwa kasi ile hula chuma kama msasa, tena huanza na ncha ya ulimi. Hewa ikipenya hapo, nguvu ya kufyonza inapungua na mzigo unalala njiani. Bado hatujasema kifuu cha nazi kilichojikita kwenye maungio, au kiroba kilichouviringa ulimi.

Kwa maoni yangu kichepushi cha kutufaa kisiwe na ulimi kabisa. Kipande kizima cha bomba ndicho kizunguke, chenye upana ule ule na pinde la taratibu, taka zisikutane na ncha yoyote. Ndani kivikwe bamba gumu linalobadilishwa likilika bila kung'oa bomba. Kisigeuke mpaka hewa imesimama, na mlango wake wa kusafishia ukifunguliwa umeme wa feni ukatike wenyewe. Fundi akiwa ameingiza mkono humo na mwenzake akawasha, mkono hana tena.

Vipuri navyo! Mashine ngapi nzuri zimelala chini ya turubai zikingoja mpira mmoja wa kuzibia kutoka ng'ambo?

Basi kabla ya mkataba wowote kutiwa sahihi, muuzaji alete kichepushi chake, kilishwe taka za soko la Ilala mwezi mzima, na mchanga wake na vifuu vyake. Kikiziba, wakifungue mafundi wetu, kwa spana zao wenyewe.

Fundi Mitambo,
Dar es Salaam.