Saa mbili usiku si nafasi ya kuuza

Laiti ningekuwa na mamlaka, kila mwanafunzi wa utangazaji angecheza The Networks kabla hajakanyaga studio. Ni mchezo wa mezani uliobuniwa na Mmarekani Gil Hova, ukatoka mwaka 2016. Kila mchezaji anamiliki kituo cha televisheni. Wote mnaanza na vipindi vitatu vibovu, saa mbili, saa tatu na saa nne usiku, kisha mnapokonyana watazamaji kwa misimu mitano. Mwenye watazamaji wengi ndiye mshindi. Fedha ni za kuendeshea kituo tu.

Nimepanga vipindi vya televisheni hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, na sijaona kitu kinachoieleza kazi yetu vizuri kuliko kadi za mchezo huo. Kipindi unakilipia kukianzisha, na vingi vinaendelea kula fedha msimu hadi msimu. Kina saa yake; ukikipeleka saa nyingine kinapoteza watu. Nyota anaweza kukibeba au kukizamisha, inategemea umemweka wapi. Halafu kipindi kinazeeka. Vingine hupanda kwanza, lakini mwisho vyote hushuka.

Niliwatazama wapwa zangu wakicheza sebuleni. Yule mdogo alikuwa na tamthilia aliyoipenda kwa dhati. Katikati ya mchezo akaiondoa hewani. "Mjomba, watu bado wanaiangalia, ila inanimaliza." Maneno hayo nimeyasikia vikaoni mara nyingi, yakisemwa na watu wazima. Kipindi kikikatwa, watazamaji hupiga simu wakiamini kuna mtu kagombana na mtu. Kwa kawaida hakuna ugomvi, kuna hesabu ya matangazo.

Lakini kwenye mchezo huo kuna kitu kimekosekana, na kinanigusa. Sandukuni mna tamthilia, vichekesho, mapambano, sayansi ya kubuni, michezo na maisha halisi ya watu mbele ya kamera. Habari hazimo. Hova hana kosa. Kwao Marekani, taarifa ya habari ya kitaifa ya ABC, CBS na NBC husomwa jioni, saa kumi na mbili na nusu kwa saa za mashariki, na kuanzia saa mbili ni burudani. Sisi saa mbili ndiyo taarifa ya habari yenyewe. Ninachohofia ni kuona vituo vyetu vikianza kuihesabu saa hiyo kwa kanuni za mchezo ule.

Kwa hesabu ya kadi, habari ni hasara tupu. Unampeleka mwandishi Tunduru na mpiga picha, gari na mafuta, wanakaa njiani siku nzima, wanarudi na dakika mbili za wakulima wa korosho wanaodai malipo yao. Kwenye mchezo, kipindi ulichokiondoa kinaweza kukuletea watazamaji kwa marudio. Dakika mbili za Tunduru kesho hazirudiwi. Lakini mkulima yule hana mahali pengine pa kusikika nchi nzima kwa usiku mmoja.

Kwa hiyo ningeongeza kadi ya habari. Iwe ghali, isiwe na marudio, nyota wa filamu wasiruhusiwe kuigusa, na asiyekuwa nayo saa mbili apunguziwe watazamaji kwenye vipindi vyake vingine vyote. Kanuni hiyo ya mwisho sijaitunga kwa kuwahurumia waandishi. Familia ikifungua kituo kwa ajili ya taarifa ya habari, mara nyingi hubaki hapohapo; tamthilia ya saa tatu inawakuta wamekaa, rimoti iko mezani. Mkurugenzi anayeanza kupunguza waandishi wa mikoani bajeti inapobana aitazame saa tatu yake pia, asiitazame saa mbili peke yake.